Udongo Usiofunikwa

Sperancia alikuwa amefikia ule uchovu wa mtu kusinzia huku anavua viatu. Alitoka zamu ya usiku hospitalini, akateremka Nyakahanga kwa miguu kwa kuwa mvua ilikuwa imewafukuza bodaboda kijiweni, akaingia kwake, akaketi ukingoni mwa kitanda ili afungue kamba. Alipozinduka, kiatu kimoja kilikuwa bado mguuni, na baba yake alikuwa amesimama mlangoni, ameegemea fremu, anamtazama.

"Umekula?" mzee akauliza.

"Nitakula, Tata. Wewe je?"

"Nimeshiba."

Hakuwa amekula. Uji aliomwachia mezani ulikuwa umefanya ngozi juu. Sperancia alivua kiatu cha pili, akaenda kuupasha moto, akachukua kijiko akamlisha, na mzee akala, macho yakiwa dirishani.

Mzee Elipidius Rwegoshora alikuwa mtu wa Bweranyange. Huko alikuwa na kibanja chake, shamba la migomba na mibuni lililoizunguka nyumba pande zote, alilorithi kwa baba yake na kulitunza kwa namna ambayo wapita njia walipunguza mwendo walipolifikia. Mwaka uliofuata baada ya kumzika mkewe, kiharusi kilimkuta humo humo shambani, mundu mkononi. Mkono wa kulia ulilegea, mguu ukawa wa kuburuta. Watoto wake wengine walikuwa wametawanyika, kila mmoja na shida zake, hivyo Sperancia, aliyekuwa nesi na asiyekuwa na mume, akamchukua. Hakuna kikao kilichoamua hivyo. Ilionekana tu kwamba hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa.

Vyumba vyake vilikuwa viwili. Mzee alilala kile chenye dirisha la mashariki, na mchana kutwa alikaa kwenye kiti kando ya dirisha hilo, akitazama ukuta wa jirani. Mtaalamu wa mazoezi alimwambia Sperancia kwamba mkono ule unahitaji kazi ndogo ndogo, kubana, kuchuma, kugeuza. Akamletea mpira wa kubana. Mzee aliugeuzageuza mara moja, akauweka chini. "Mimi si mtoto," alisema, na mpira ukaishia chini ya kitanda.

Ndipo Sperancia alipoukumbuka mti wa Nasreen.

Nasreen alikuwa na duka la vitambaa na vyombo pale Kayanga. Babu yake alitoka Pangani na biashara, akaoa huku, akazikwa huku, lakini mjukuu aliendelea kusema Kiswahili cha pwani kana kwamba ameshuka jana. Katika dirisha la duka lake, ndani ya chungu kipana kisichozidi sahani, alikuwa na mti wa kimo cha kuku. Shina lake lilikuwa nene na lenye mikunjo, matawi yamejipanga kama ya mti mkubwa wa porini, na majani yake manene, ya kijani kinachong'aa, yalifanana na punje za maharage mabichi. Aliuita jedi. Alikuwa ameulea kwa miaka tangu ukiwa kijiti, akiukatakata hadi ukakubali kuwa mzee bila kuwa mkubwa.

"Nesi, leo umekuja na uso wa kuazima," Nasreen alimpokea.

"Wa kwangu uko kwenye foleni ya kulala. Nataka mti kama huo, kwa ajili ya baba."

Nasreen alikwenda nyuma ya duka akamletea mche, mdogo kuliko ule wa dirishani, wenye shina la unene wa kidole gumba. Kisha akamkalisha kwenye stuli na kumfundisha, maana alisema hampi mtu mti bila kumfundisha, kwani hiyo ni sawa na kumpa mtu mbuzi bila kamba. Udongo uwe nusu yake kokoto ndogo na mchanga mzito. Chungu kiwe na tundu. Dirisha liwe la jua la asubuhi. Kikonyo kikichomoza, kibane ncha kwa kidole na gumba, na mahali pale patatoka matawi mawili. Ukibana hayo mawili, yatakuwa manne, na hivyo ndivyo mti unavyojifunza umbo. Majani ya chini yaondolewe, shina lionekane.

"Na maji?"

"Maji ndiyo yanayoua. Chomeka kidole kwenye udongo. Ukikuta ubichi, nenda zako. Ukiona majani yamekunjamana kama vidole vya mtu aliyefua siku nzima, hapo ndipo una kiu." Nasreen aliufunga mche kwenye gazeti. "Mti huu hautaki mtu mwenye huruma, nesi. Unataka mtu mvivu kidogo. Mvivu mwenye macho."

"Baba yangu hajawahi kuwa mvivu."

"Basi kazi unayo."

Mzee Rwegoshora aliutazama mti kwa muda mrefu ulipowekwa dirishani.

"Huu unaliwa?"

"Hapana, Tata."

"Ni kuni?"

"Hapana."

"Unafanya nini sasa?"

"Unatazamwa."

"Ahaa," mzee akasema. "Basi tuko wawili."

Lakini aliubana. Mara ya kwanza gumba lilikataa kukutana na kidole, likang'oa jani zima badala ya ncha, na mzee akaguna kwa hasira. Alirudia siku nyingine. Sperancia alimwona kupitia upenyo wa mlango, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika, vidole vikitetemeka juu ya kikonyo. Ncha ilipokatika aliiweka kiganjani akaigeuza, akaitupa nje ya dirisha. Baada ya muda, mahali pale pakachomoza majani mawili mawili kila upande, kama Nasreen alivyosema, na mzee alimwita binti yake kutoka jikoni aje aone.

Kilichomkera ni udongo.

"Uko uchi," alisema.

"Ndivyo unavyokaa, Tata. Nasreen kasema."

"Mtu wa dukani."

Sperancia alielewa. Kule kwao, udongo ulio wazi chini ya mgomba ni jambo la kusemwa. Jua huuchoma, mvua huuchukua, na anayepita njiani hujiuliza kama mwenye nyumba yu hai. Mzee Rwegoshora alikuwa amekata nyasi mbugani tangu ujana wake, akazibeba kichwani mafungu kwa mafungu, akazitandaza shambani hadi mguu ukikanyaga hausikii ardhi. Na sasa kitu pekee alichobaki nacho cha kulima kilikaa mbele ya macho ya watu kikiwa na udongo mtupu na vijiwe.

Asubuhi moja Sperancia alirudi kutoka kazini akakuta nyasi ndani ya chungu. Zilikuwa zimekatwa fupi fupi na kutandazwa kuzunguka shina kwa ustadi, na chini yake palikuwa na unga wa samadi kavu ya ng'ombe. Mzee alikuwa ametoka nje peke yake hadi kwenye ua, akazing'oa kwa mkono wa kushoto, akazikata kwa wa kulia. Magoti ya suruali yake yalikuwa na tope. Sperancia alijua kwamba nyasi zile hazikupaswa kuwapo, lakini alikuwa hajamwona baba yake na tope magotini tangu aje, na hakuwa na moyo wa kuziondoa. Aliziacha.

Simu ya Byabato ilikuja katikati ya mvua za Novemba. Byabato alikuwa mdogo wake mzee, mtu wa maneno mengi, ambaye kibanja chake kilipakana na kile cha kaka yake.

"Mwanangu, Jumamosi nakuja na gari," alisema. "Mkubwa kanipigia mwenyewe. Anataka kurudi kwake."

"Kakupigia nani? Baba?"

"Kwani ana simu mbili? Yeye mwenyewe."

Sperancia alikaa na simu mkononi baada ya kukata. Aliyajua ya kurudi. Mke wa Byabato mwenyewe alikuwa mgonjwa wa mgongo. Mzee angeachwa ndani ya nyumba ile kubwa, angechunguliwa asubuhi na kuletewa chakula jioni, na kati ya asubuhi na jioni angekuwa peke yake na mguu wake. Alishawapokea wodini wazee wa namna hiyo, wakiletwa na vidonda vya mgongoni, jamaa zao wakiwa wamesimama pembeni wanaona haya. Asingeweza kuacha kazi amfuate. Akirudi, basi anarudi kufa.

Na chini ya hofu hiyo palikuwa na wazo jingine dogo, lililolala kimya, lililosema: aende tu. Nilale. Wazo hilo lilimwogopesha kuliko vidonda.

"Kwa nini hukuniambia mimi, Tata?" alimuuliza.

"Ulikuwa umelala," mzee akajibu.

Siku zile chache hakumbishia. Alimfanyia vizuri zaidi. Alimwogesha, akamfunga vifungo vya shati, akamkata nyama vipande vidogo, akamshika kiwiko kila aliponyanyuka. Alidhani akimfanyia vizuri vya kutosha, atabadili mawazo. Na kila aliporudi kutoka zamu, kabla hata ya kuvua viatu, alimimina kikombe cha maji chini ya mti, maana mzee hakuweza kuinua jagi, na mti ule ulikuwa ndio uzi pekee uliomfunga mzee katika nyumba ile.

Ijumaa asubuhi majani yalikuwa ya njano. Mzee aligusa moja kwa kidole, likadondoka, na jingine likalifuata bila kuguswa. Alibonyeza shina. Lilibonyea kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, na maji ya hudhurungi yakatoka kwenye ganda.

Akafuta kidole kwenye suruali. Kisha akasema, taratibu, "Hata wa kwenye chungu umenishinda. Mwambie Byabato aje mapema, kabla ya jua kali."

Sperancia alimpigia Nasreen. Hakujua la kumwambia, akajikuta anasema tu, "Mti unakufa, na baba anaondoka," kana kwamba yalikuwa mambo ya kawaida kuambatana. Nasreen alimwachia mtu duka baada ya swala ya Ijumaa, akapanda bodaboda hadi Nyakahanga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye mti."

"Nilikuwa. Sasa ni wako, na naona umeutendea kama mke mdogo." Aliinua nyasi kwa ncha za vidole. Chini yake palikuwa na ukungu mweupe na harufu ya chooni. "Hee. Mmeuvalisha hadi blanketi."

"Udongo hauachwi uchi," mzee alisema kwa ukali.

"Wa mgomba, mzee wangu, hauachwi. Mgomba unakunywa kama trekta. Huyu ni mtu wa jangwani, kabeba maji yake mwenyewe kwenye majani." Aligeuza chungu, akautoa mti na udongo wake. Mizizi ilikuwa myeusi, na maji yalichuruzika hadi sakafuni. "Nani anamwagilia?"

"Mimi," alisema Sperancia.

"Mimi," alisema mzee.

Wakatazamana.

"Kila lini?" Nasreen akauliza.

"Kila nikitoka kazini."

"Kila kabla hajarudi," mzee akasema. "Kwa kikombe cha chai. Anarudi hajiwezi, analala na viatu. Nikasema nimpunguzie hata hilo."

Nasreen alianza kucheka, kisha akaziona nyuso zao, akaacha. Akaomba kisu.

Alieleza kwamba uozo hupanda kutoka chini, na kwamba tawi la juu kabisa lilikuwa bado gumu. Likatwe, mkato utazamwe. Ukiwa na doa la hudhurungi, likatwe tena juu zaidi, hadi nyama ya ndani iwe kijani safi. Akampa mzee kisu. Mkono wa Sperancia ulitoka wenyewe kwenda kuushika mkono wa baba yake.

"Nesi," Nasreen alisema. "Mikono yako weka mfukoni."

Mzee alikata. Ilichukua muda, kisu kikateleza mara mbili kwenye ganda. Mkato ulikuwa na pete ya hudhurungi. Akapanda juu, akakata tena, bado palikuwa na doa. Mvua ilianza kupiga bati, ikapita. Mzee alikata mara nyingine, akakiinua kipande kwenye mwanga wa dirisha, akakisogeza karibu na jicho.

"Safi," alisema.

Kilichobaki kilikuwa kijiti kisichozidi urefu wa kidole, chenye majani machache juu.

"Sasa tunakichomeka," alisema mzee.

"Hapana. Sasa hakuna."

"Hakuna nini?"

"Hakuna kazi. Kilale juu ya gazeti, kidonda kikauke mpaka kifunge ngozi. Wiki, pengine zaidi na baridi hii. Ukikizika kibichi, kitaoza tena. Kikishafunga, ndipo udongo mkavu, wenye kokoto, na hapo pia usikipe maji upesi. Kitatafuta mizizi chenyewe kwa njaa."

"Na mimi nitafanya nini?"

"Utakitazama, mzee wangu. Si ndiyo kazi yake?"

Nasreen alipoondoka, baba na binti walibaki na gazeti kati yao. Sperancia alifuta maji sakafuni, akasimama na kitambaa mkononi, na maneno yakamtoka bila kuyapanga.

"Nimechoka, Tata."

Hakuwahi kumwambia. Alitarajia mzee aumie, au aseme ndiyo maana anaondoka. Mzee aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa kwamba mvua imenyesha.

"Najua. Hata mimi nimechoka kumwagiliwa."

Sperancia alimtazama.

"Kijiko unakishika wewe," mzee akaendelea. "Vifungo unafunga wewe. Nikitaka kusimama, umeshanisimamisha. Sijapata nafasi hata ya kushindwa mwenyewe. Usifikiri nataka kwenda kufa kule. Kule hakuna mtu wa kuniwahi, basi."

Yalimchoma. Alitaka kusema ni nani basi aliyekuomba unionee huruma, ni nani aliyekulea mwaka mzima. Maneno yalifika mdomoni, akayaacha, kwa sababu alikuwa amechoka mno kugombana, na kwa sababu yalikuwa kweli kidogo tu.

"Ukianguka?"

"Nitaanguka."

"Nikikukuta sakafuni?"

"Utaniinua. Si umesomea?"

"Tata, sina utani."

"Wala mimi." Mzee alinyoosha mkono wa kulia juu ya goti, akaukunja, akaunyoosha. "Ukitaka nile, niwekee chakula. Nikimwaga, nitapangusa. Uende ukalale. Hilo nalo ni kunisaidia."

Sperancia hakumwambia abaki. Alikuwa amejiandaa kumsihi usiku kucha na sasa hakuona la kusihi. Alimwekea chakula mezani, akaenda chumbani kwake, akafunga mlango, akasikiliza kijiko kikigonga sahani kwa muda mrefu sana.

Byabato alifika Jumamosi asubuhi na pikapu ya kuazima, nyuma kuna mkungu wa ndizi na godoro la kumlazia kaka yake. Alipiga honi kabla ya kuzima injini.

"Mkubwa, ukikaa zaidi huku utazoea mkate," alisema akiingia. "Vifaa viko wapi?"

"Karibu kiti," alisema mzee. Alikuwa amevaa shati ambalo vifungo viwili vilikuwa vimepishana, na Sperancia, aliyesimama jikoni, alikuwa ameviona tangu alfajiri na hakuvigusa. "Siendi leo."

"Huendi? Nimetoka Bweranyange na gari la watu."

"Nimekuona. Pole na njia."

Byabato alitazama huku na huku, akaona gazeti dirishani. "Nini hicho, dawa?"

"Ni mti."

"Ule wa majani ya maharage ulionisimulia kwenye simu? Mbona umelala?"

"Unakauka kidonda."

"Uchomeke ardhini, mkubwa. Uwekee samadi. Mti haulali juu ya gazeti kama miwani."

"Ndivyo nilivyofanya mimi. Ukafa."

Byabato alicheka, kisha akaona kaka yake hacheki. Akavuta kiti karibu. "Na kibanja? Nyasi nani atatandaza? Wapita njia wanauliza."

"Utatandaza wewe. Kahawa ikiiva nitakuja kukagua, na nikiona udongo nitakutukana mbele ya mkeo." Mzee alikohoa. "Nikishindwa hapa, nitakupigia. Nitapiga mwenyewe."

Sperancia alisikia yote kutoka jikoni. Alikuwa amefikiri kwamba akilisikia neno hilo angelia kwa furaha. Hakulia. Kitu cha kwanza kilichomjia ni hesabu ya zamu zilizokuwa mbele yake, na nguo za kufua, na mguu ule wa kuburuta katika sakafu yenye unyevu; cha pili, kilichokuja polepole, kilikuwa namna ya wepesi mabegani, kama mtu aliyetua ndoo ya maji na bado ana safari. Alimpelekea baba yake mdogo chai. Walikula ndizi pamoja, Byabato akisimulia kesi ya mpaka ya jirani na kuiga sauti za wote waliohusika, hadi mzee akacheka, na chai ikamwagika kifuani kwake, na hakuna aliyenyanyuka.

Gari lilipoondoka, mchana ulikuwa umeingia. Sperancia alikuwa na zamu jioni. Alijinyoosha kitandani juu ya shuka, miguu mitupu, dirisha wazi.

Kutoka jikoni alisikia sufuria ikiburutwa. Baba yake alikuwa anajitafutia maji ya kunywa. Kisha kitu kilianguka kwa kishindo, kikazunguka sakafuni, kikatulia, na baada yake pakawa kimya.

Aliinua kichwa. Mwili wake wote ulikuwa umeshanyanyuka ndani yake. Alihesabu pumzi zake mwenyewe, macho yakiwa mlangoni.

Ndipo aliposikia sauti ya mzee, ya chini, akikitukana kifuniko kwa Kinyambo, kwa utulivu na kwa kirefu, kama anavyotukanwa ng'ombe aliyeingia shamba la mtu. Mguu ukaburuta hatua moja, ukapumzika, ukaburuta nyingine.

Sperancia akarudisha kichwa kwenye mto.